Vista Cruiser iliyolala miaka mingi: uamshe injini, uifanyie ovaholi, au uweke nyingine?

Kampuni ya Marekani ya Oldsmobile ilianza kuuza Vista Cruiser mwaka 1964. Toleo la pili, la 1968 hadi 1972, ndilo linalozungumziwa hapa. Ni stesheni wagoni yenye inchi 121 (mita 3.07) kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inchi 5 zaidi ya sedani ya milango minne ya ukoo huohuo. Ina kioo cha paa juu ya abiria wa safu ya pili, na vioo vingine virefu vyembamba kila upande kuelekea nyuma. Ndani ya boneti mara nyingi utakuta V8 (injini ya silinda 8) iitwayo Rocket 350; 350 ni ukubwa wake kwa inchi za ujazo.

Gari kama hili likikaa miaka 15 au 20 bila kuwashwa, mwenye nalo hujikuta kwenye njia panda yenye njia tatu: kuiamsha injini iliyomo, kuifungua na kuifanyia ovaholi, au kuitoa na kuweka ya kisasa zaidi. Mafundi wanabishana sana juu ya hili, na kila mmoja husifia njia aliyoizoea. Ukweli ni kwamba injini ndiyo kitu chepesi kupata katika gari hili. Kioo cha paa na mapambo ya mlango wa nyuma havipatikani kirahisi, na fedha iliyomezwa na injini hairudi kuvinunua.

Vigezo vya kutumia

Pima kila njia kwa maswali yaleyale. Kazi yenyewe inataka nini, na unazo zana zake? Vipuri vinapatikana? Nini huharibika katikati ya kazi, na kwa nini? Inakula muda na fedha kiasi gani? Ukibadili mawazo, unaweza kurudi nyuma? Mwisho, gari litatumikaje: kutoka Jumapili kwa Jumapili, au kuvuka majimbo na watu sita ndani?

Hali ya injini yako haimo katika orodha hii kwa sababu si suala la maoni. Inapimwa.

Gharama isiyokwepeka kwa njia yoyote

Kabla ya kugawa fedha, ondoa kwanza fungu la vitu hivi, maana gari litavihitaji hata likiwekewa injini ya dhahabu.

Breki zinaanza upya. Masta silinda, silinda ndogo za magurudumu, mipira mitatu ya breki (miwili mbele, mmoja nyuma juu ya ekseli) na mabomba yote ya chuma yenye kutu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na unyevu huo hula ndani ya bomba mahali usipopaona. Mipira ya zamani huvimba kwa ndani: kwa nje inaonekana mizima, lakini ukiachia pedali gurudumu linabaki limekamatwa. Gari hili lina uzito wa karibu tani 2 bila abiria. Usiliendeshe hata kuzunguka mtaa kabla ya kazi hii.

Tangi la petroli lishushwe. Petroli iliyokaa miaka hugeuka kitu kama vanishi, huziba kichujio kilicho ndani ya tangi na kugandisha kabureta. Ukilazimika kununua tangi jipya, linganisha namba ya kipuri na ya stesheni wagoni. Wauzaji wengi hutuma la sedani.

Halafu maji ya mvua. Mpira unaozunguka kioo cha paa ukikauka, maji huteremka taratibu chini ya zulia, na sakafu huoza kutoka juu kwenda chini. Nyanyua mazulia yote. Chunguza pia chini ya kioo cha mbele penye matundu ya hewa, ambako majani hukusanyika na kushika unyevu, pembe za chini za bodi nyuma ya magurudumu ya nyuma, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na chesi inapopanda juu ya ekseli ya nyuma. Gonga chesi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bati lililojaa mchanga. Paneli nyingi za mbele, kama boneti na mabawa, zinapatikana kwa sababu zinashirikiana na magari mengine ya Oldsmobile ya miaka ileile. Kuanzia mlango wa nyuma wa abiria kurudi nyuma uko peke yako, unategemea gari lingine lililokufa.

Matairi yabadilishwe hata kama kashata zake ni nzima. Mpira wa miaka 20 hupasuka kwa joto la barabara kuu.

Vipimo vinavyotangulia uamuzi

Toa plagi zote 8. Mimina kijiko kikubwa kimoja hadi viwili (mililita 15 hadi 30) cha mafuta mepesi ya kupenya katika kila silinda. Mchanganyiko nusu kwa nusu wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni unafaa, ila uchanganye upya kila mara kwa sababu hujitenga. Acha usiku kucha. Kama injini imegoma, acha wiki nzima ukiongeza.

Fungua vifuniko vya valvu. Weka spana kwenye bolti ya mbele ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na uzungushe kwa mkono, saa inavyokwenda ukiitazama kutoka mbele. Kamwe usitumie stata kwa mzunguko wa kwanza. Valvu ikiwa imekwama, mkono wako utahisi uzito na utasimama. Stata haihisi kitu, itapinda pushrodi (fimbo inayosukuma roka) na kuendelea. Zungusha mizunguko miwili kamili huku ukiangalia kama roka zote 16 (mikono midogo inayofungua valvu) zinapanda na kushuka sawasawa.

Kisha pima cheni ya taimingi. Injini nyingi za Marekani za wakati huo, Rocket 350 ikiwamo, zilitoka kiwandani na gia ya kamshafti (shafti inayoendesha valvu) yenye meno ya nailoni ili zipunguze kelele. Nailoni hukauka na kukatika, na vipande huanguka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba kichujio cha pampu ya oili. Ondoa kifuniko cha distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa plagi) uione rota inayozunguka ndani yake, zungusha krenki mbele, kisha irudishe nyuma taratibu. Ikisogea zaidi ya digrii 10 hivi kabla rota haijatikisika, cheni imelegea na lazima ibadilishwe, uchague njia yoyote kati ya mbili za kwanza. Weka gia ya chuma.

Mwaga oili na uangalie inavyotoka. Maji yakitangulia, andaa moyo. Weka oili mpya, kwati 5 pamoja na filta (lita 4.7). Sasa toa distribyuta baada ya kuweka alama ya rota ilipo, na uzungushe pampu ya oili kwa drili yenye soketi ndefu ya pembe sita ya inchi 5/16. Drili iende kinyume na saa. Wengi huizungusha kama walivyozoea kwenye Chevrolet, kisha hulalamika kwamba pampu imekufa. Endelea hadi geji ionyeshe presha na oili itokeze kwenye roka za pande zote mbili, ukimwomba mwenzako azungushe krenki robo mzunguko kila dakika.

Mwisho ni kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kujenga: betri imejaa, kabureta imefunguliwa kabisa, mizunguko mitano kwa kila silinda. Usishughulike sana na namba yenyewe siku ya kwanza, kwa sababu ringi zilizolala hubana vizuri baada ya injini kuzunguka. Angalia tofauti. Silinda dhaifu ikiwa chini ya robo tatu ya ile yenye nguvu, mimina oili kidogo ndani yake na upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi. Isipopanda, ni valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imepasuka kati yake. Kamera ndogo ya waya kupitia tundu la plagi itakuonyesha kama kuna mstari wa kutu ukutani mwa silinda, na mstari huo ukishikika kwa ukucha, hakuna dawa ya chupa itakayoufuta.

Njia ya kwanza: kuiamsha injini iliyomo

*Kazi.* Baada ya vipimo hapo juu umeshamaliza nusu yake. Inayobaki ni pampu mpya ya petroli ya mkono wa kamshafti (diafragmu ya zamani haivumilii petroli yenye ethanoli), kabureta kufunguliwa na kuoshwa, pointi za distribyuta kusafishwa na kuwekwa nafasi ya inchi 0.016 (milimita 0.4), kondensa, plagi na waya mpya, mikanda na mipira ya maji. Rejeta ioshwe kwa maji yanayoingia kutoka chini. Kwa mwasho wa kwanza lisha petroli kutoka kwenye kopo safi, si kwenye tangi. Mpangilio wa moto, yaani mfuatano wa silinda kuwaka, ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na rota huzunguka kinyume na saa.

*Vipuri.* Duka lolote kubwa Marekani lina karibu vyote. Tahadhari moja: General Motors, kampuni mama ya Oldsmobile, ilikuwa na injini nne tofauti zilizoitwa 350, za Chevrolet, Oldsmobile, Buick na Pontiac, na hazichangii gasketi wala pampu ya maji. Ya Oldsmobile ina silinda ya upana wa inchi 4.057 na mwendo wa pistoni wa inchi 3.385. Ukiambiwa tu “hii ni ya 350”, rudisha.

*Kinachoharibika.* Sili. Sili ya nyuma ya krenki ni ya kamba, na kamba iliyokauka huvuja. Wakati mwingine hunywea oili na kutulia baada ya wiki chache, wakati mwingine haitulii. Plagi za chuma za ubavuni mwa bloku huoza kutoka ndani na kutoboka mara tu mfumo wa maji ukipata presha. Giaboksi ya otomatiki ya gia tatu, Turbo-Hydramatic 350, ambayo magari mengi ya 1969 na kuendelea yanayo, nayo hudondosha mafuta kwenye sili zake siku za kwanza. Moshi wa bluu dakika za mwanzo ni kawaida. Ukiendelea baada ya kilomita mia kadhaa, ringi zimeshika kwenye pistoni.

*Muda na fedha.* Wikendi mbili au tatu, na fedha ni mamia ya dola. Hakuna unachokifunga, kwa hiyo njia nyingine mbili zinabaki wazi.

*Inamfaa* mwenye injini iliyopita vipimo, na hasa mwenye bodi ambayo bado hajui itamgharimu kiasi gani. Haimfai anayetaka kuvuka nchi mwezi ujao.

Njia ya pili: ovaholi

*Kazi.* Injini inatoka, inafunguliwa yote, bloku linaoshwa kwa dawa ya moto na kupimwa nyufa. Silinda iliyoliwa zaidi ya inchi 0.005 (milimita 0.13) juu kuliko chini inachongwa, kwa kawaida hadi saizi ya +0.030 (milimita 0.76), na pistoni mpya zinaagizwa *baada* ya fundi wa mashine kusema saizi. Krenki inapimwa na kusagwa ikibidi, kwa kawaida inchi 0.010. Kamshafti na tapeti (vipande vinavyokaa juu yake na kusukuma pushrodi) hubadilishwa pamoja. Tapeti za zamani juu ya kamshafti mpya ni kuitupa fedha. Hedi za kabla ya 1971 zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, kwa hiyo ukizifungua, uliza bei ya kuweka viti vigumu kwenye valvu za ekzosi. Mwaka 1971 General Motors ilishusha kompresheni ili injini zake zitumie petroli isiyo na risasi. Kinyume chake, 350 ya 1970 yenye kabureta ya matundu manne ilikuwa na kompresheni ya 10.25 kwa 1, na itaendelea kudai petroli ya bei ya juu usipochagua pistoni za kushusha kompresheni.

*Vipuri.* Vipo, lakini ghali kuliko vya Chevrolet, na karakana ya mashine inayoifahamu Oldsmobile ni bora kuliko iliyo karibu.

*Kinachoharibika.* Zaidi ya yote, nusu saa ya kwanza. Tapeti bapa zinahitaji injini ishike mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika papo hapo, ikae hapo dakika 20 hadi 30, na oili yenye zinki ya kutosha. Ikiwaka na kuzimika mara kumi kwa sababu kabureta haina petroli, kamshafti inaliwa kabla gari halijatoka karakana, na unga wa chuma unaingia kwenye beringi mpya. Kwa hiyo jaza kabureta, sahihisha taimingi, zungusha pampu kwa drili, vyote kabla ya ufunguo.

*Muda na fedha.* Karakana za mashine zina foleni, hesabu miezi. Fedha ni maelfu ya dola, na bili hukua bloku likishafunguliwa, kamwe haipungui. Tumia fursa hiyo kuweka sili ya kisasa ya mpira nyuma ya krenki.

*Inamfaa* anayetaka gari libaki Oldsmobile kwa sauti, kwa namba za bloku na kwa thamani mbele ya wanunuzi wanaojua, na ambaye bodi yake imekwisha kuthibitishwa kuwa nzima.

Wengi huacha injini ya asili kwa sababu moja tu: kwenye barabara kuu gia tatu za giaboksi ya asili hazitoshi, injini inapiga kelele. Dawa ya hilo si lazima iwe injini nyingine. Giaboksi ya 200-4R ya miaka ya 1980 ina matundu ya bolti yanayokubali Oldsmobile na Chevrolet, urefu wake ni sawa na Turbo-Hydramatic 350 ya mkia mfupi, kwa hiyo propela shafti (inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma) haikatwi. Unasogeza tu mhimili unaoibeba. Gia yake ya nne ni 0.67, yaani injini huzunguka mara 0.67 tu kwa kila mzunguko wa propela shafti. Sharti lake ni kebo inayotoka kwenye kabureta: ikilegezwa vibaya, presha ya ndani inashuka na klachi zinaungua ndani ya muda mfupi sana.

Njia ya tatu: injini nyingine

Kwa kawaida hii humaanisha V8 ya lita 5.3 ya pikapu za Chevrolet na GMC za 1999 hadi 2007, ile iitwayo LM7, pamoja na giaboksi ya 4L60E. Bloku ni la chuma, nguvu farasi 270 hadi 295 kutegemea mwaka, na vituo vya magari chakavu vya Marekani vimejaa.

*Kazi.* Giaboksi ya zamani haiwezi kubaki, maana matundu ya bolti ya Oldsmobile hayalingani na ya injini hii. Unahitaji vibebeo vya injini vya kuunganisha na chesi ya gari hili, ambayo ni ya kundi la A la General Motors, sampu fupi (ya pikapu inaning’inia chini mno na kugonga), ekzosi mpya, rejeta kubwa ya alumini yenye feni za umeme, na bomba dogo la mvuke kutoka kwenye hedi hadi rejeta. Mfumo wa petroli unataka presha ya psi 58 (paundi kwa inchi ya mraba), mara kumi hivi ya kabureta: pampu ndani ya tangi, mabomba mapya, na filta yenye regyuleta ya Corvette ya 1999 hadi 2003, ambayo ndiyo suluhisho rahisi kuliko yote. Propela shafti itakatwa. Ipime gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki. Spidomita ya kebo itahitaji kisanduku cha umeme cha kuizungusha.

*Vipuri.* Injini yenyewe ni rahisi kuliko zote tatu kupata. Nunua kutoka gari moja: injini, kompyuta, fungu la waya, na kama ni ya 2003 kuendelea, pedali ya umeme na moduli yake. Vipande vya magari mawili havielewani. Kompyuta ifutwe ulinzi wa wizi kabla ya kuunganishwa.

*Kinachoharibika.* Hedi zenye alama ya Castech zinajulikana kwa kupasuka na kupitisha maji kwenye oili bila dalili ya nje. Ondoa kifuniko cha valvu na uangalie kabla ya kulipa. Tatizo kubwa zaidi ni miradi kukwama nusu: injini inakaa mahali pake mwezi wa kwanza, kisha waya, petroli na ekzosi hula mwaka.

*Muda na fedha.* Injini ni mamia ya dola; kila kilichoizunguka kikijumlishwa, mara nyingi inalingana na ovaholi au kuipita. Kurudi nyuma kunawezekana ukihifadhi injini na giaboksi ya asili. Kuhusu moshi, California, yenye masharti makali, haipimi magari ya petroli ya 1975 na nyuma, kwa hiyo Vista Cruiser hii haiguswi. Mahali pengine uliza kabla ya kuanza.

*Inamfaa* anayeendesha gari kila siku, anayejua umeme wa magari, au aliyekuta chini ya boneti patupu.

Kwa hali yako

Injini inazunguka, kompresheni haitofautiani sana, sakafu hujaijua: iamshe, iendeshe msimu mmoja, fedha iende kwenye breki na mipira ya paa. Ukitaka ukimya barabarani, weka 200-4R kwanza.

Kuna mstari wa kutu unaoshikika ndani ya silinda, lakini bodi ni nzima na bloku ni la asili: ovaholi. Usiamshe injini ya namna hiyo ili “uone tu”. Ringi zitakwaruza na kukuongezea saizi ya kuchonga.

Bloku limepasuka kwa barafu ya majira ya baridi: tafuta kwanza Rocket 350 nyingine nzima kutoka Oldsmobile Cutlass ya miaka hiyohiyo. Inaingia bila kubadili chochote, na mara nyingi inagharimu chini ya njia ya tatu.

Injini na giaboksi vimeshang’olewa na mtu mwingine, na unataka kusafiri: LM7, mradi una mahali pa kuliweka gari ndani kwa mwaka mzima.

Kioo cha paa kimevunjika: acha injini ilivyo, funika paa leo, na anza kutafuta gari la kutoa kioo. Likipatikana, linunue zima, kwa sababu mlango wake wa nyuma, vishikio na mapambo yake utavihitaji, na huenda hata injini yake inazunguka.